Miksa ya kidijitali ya zamani kama kidhibiti cha programu ya kurekodi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Miksa nyingi za kidijitali za miaka ya 1990 na 2000 siku hizi zimefunikwa kitambaa kwenye kona ya studio. Hazijafa, ila kazi ya kuchanganya sauti imehamia kwenye kompyuta. Zimebaki na kitu ambacho kipanya hakina: vitelezi vyenye mota, vitufe vingi, na bodi nzito isiyohama ukiigusa. Yafuatayo ni maswali yanayojirudia kila mtu anapotaka kuitoa miksa ya namna hiyo kwenye kona na kuiunganisha na programu yake.

Miksa ni kifaa cha sauti. Inawezaje kuendesha programu?

Kwenye miksa ya kidijitali, kitelezi hakigusi sauti kabisa. Kinapima mahali kilipo na kutoa namba, kisha kichakataji cha ndani kinapandisha au kushusha sauti kwa kuifuata namba hiyo. Kazi yetu ni kuinasa namba ile na kuipeleka kwenye kompyuta, halafu kuirudisha namba ya kompyuta ili mota isogeze kitelezi. Usafiri ni MIDI, lugha ambayo vyombo vya muziki vimekuwa vikizungumza tangu 1983. Hakuna sauti inayopita hapo, ni maagizo tu. Kwa hiyo hata miksa ambayo soketi zake za maikrofoni zimeharibika bado inaweza kuwa kidhibiti kizuri.

Nitajuaje kama yangu inafaa?

Vitelezi viwe na mota. Bila mota utasogeza kitu kwenye skrini, lakini ukifungua wimbo mwingine vitelezi vitabaki vilipokuwa jana, na hapo utarudi kwenye kipanya. Pili, miksa iweze kutuma na kupokea MIDI, iwe kwa soketi za pini 5 au kwa USB. Tatu, na hili ndilo linaloamua kazi itachukua saa moja au wikiendi nzima: je, ina hali ya udhibiti iliyotengenezwa kiwandani?

Yamaha 01V96, 02R96, DM1000 na DM2000 zinayo. Kuna tabaka linaloitwa Remote, na ukilichagua vitelezi vinaacha kuendesha miksa na kuanza kuendesha programu. Tascam DM-3200 na DM-4800 pia zinaweza kujifanya kidhibiti cha kampuni ya Mackie. Kizazi cha kabla ya hapo, kama 02R ya 1995 na ndugu zake wadogo 03D na 01V, kinahitaji kubembelezwa zaidi.

HUI na Mackie Control ni nini, na nichague ipi?

Ni itifaki mbili, yaani makubaliano ya ujumbe gani unamaanisha nini. Zote hupita ndani ya MIDI, na zote hugawa chaneli katika mafungu ya nane nane. HUI ndiyo kongwe. Hutuma nafasi ya kitelezi kwa vipande viwili vya ujumbe, na ina tabia ya kubisha hodi: programu hutuma baiti tatu, 90 00 00, kila sekunde, na kidhibiti lazima kijibu 90 00 7F. Kisipojibu, programu huamua kwamba hakuna mtu nyumbani na kuacha kuzungumza nacho.

Mackie Control ni nyepesi kueleweka. Vitelezi hutumia ujumbe ule ule ambao kinanda hutumia kupinda noti, kwenye chaneli ya MIDI 1 hadi 8, na kitelezi kikuu kwenye ya 9. Vitufe ni noti za kawaida: 0 hadi 7 ni kuiweka chaneli tayari kurekodiwa, 8 hadi 15 ni solo (kuisikiliza chaneli peke yake), 16 hadi 23 ni kuzima chaneli, 24 hadi 31 ni kuchagua. Kusimamisha ni 93, kucheza ni 94, kurekodi ni 95.

Kama miksa yako inazungumza HUI tu, tumia HUI. Kama wewe ndiye unayetengeneza tafsiri kutoka mwanzo, chagua Mackie Control, usijitafutie kazi ya kujibu hodi kila sekunde.

Yangu haina hali ya udhibiti. Ndiyo basi?

La. Na hapa ndipo mambo yanapokuwa matamu.

Miksa nyingi za kizazi hicho ziliwekewa uwezo wa kurekodi mienendo ya vitelezi kwenye kifaa cha MIDI cha nje. Mtengenezaji hakuwa akifikiria programu yako, lakini matokeo ni yale yale: ukisogeza kitelezi, ujumbe unatoka, na ujumbe huo ukirudi, kitelezi kinasogea. Tafuta kwenye kurasa za MIDI za miksa yako mahali pa kuruhusu kutuma na kupokea, na pia jedwali linaloonyesha kila kitelezi kimepewa namba gani ya CC (Control Change, ujumbe mfupi wa MIDI wenye namba na thamani).

Halafu kuna hila ambayo watu wengi huikosa. Miksa ina matabaka, kwa mfano chaneli 1 hadi 16 na 17 hadi 32. Ukibadilisha tabaka, mota husogeza vitelezi vyenyewe kwenye nafasi za chaneli za tabaka hilo, kwa sababu miksa inazikumbuka. Maana yake una chaneli 32 mkononi bila kuandika mstari wowote wa kubadilisha mafungu. Chaneli za ndani ya miksa zinakuwa vikaragosi: hazina sauti, lakini zina kumbukumbu, na kumbukumbu hiyo ndiyo unayoihitaji.

Ziache chaneli hizo bila sauti kweli. Kama sauti ya kompyuta inarudi kupitia chaneli ile ile unayoitumia kudhibiti, kila ukishusha kitelezi sauti itapungua mara mbili, kwenye programu na kwenye miksa, na utazunguka siku nzima ukitafuta mchawi.

Nianze na kitu gani hasa?

Kusikiliza. Kabla ya kufungua programu ya kurekodi, kabla ya kusoma mwongozo wowote wa mtu mwingine, fungua programu ya kuonyesha ujumbe wa MIDI unaoingia. Kwenye Windows kuna MIDI-OX, kwenye Mac kuna MIDI Monitor. Sogeza kitelezi cha kwanza polepole kutoka chini hadi juu na uandike kilichoonekana. Kisha cha pili. Kisha bonyeza kitufe mara mbili, uone kama ujumbe wa pili unafanana na wa kwanza. Halafu geuza mambo: itumie miksa ujumbe ule ule kutoka kwenye kompyuta, uone kama kitelezi kinatii.

Mwongozo wa miksa unaeleza ilivyotoka kiwandani. Yako imepita mikono mitatu, mtu aliwahi kubadilisha jedwali, mwingine aliunganisha chaneli mbili mbili. Ikiwa ukisogeza kitelezi kimoja kingine kinafuata, vunja uoanishaji huo kwanza. Hakikisha pia vitelezi viko kwenye hali ya viwango vya chaneli. Vikibaki kwenye hali ya kupeleka sauti kwenye njia za msaada (aux), kitelezi kile kile hutuma namba tofauti kabisa.

Ukimaliza, funga programu ya kusikilizia. Kwenye Windows, draiva nyingi za MIDI za siku nyingi hazikubali kutumiwa na programu mbili kwa wakati mmoja. Programu ya kurekodi itanyamaza, nawe utailaumu miksa bure.

Nimeshaona ujumbe. Naubadilishaje uwe Mackie Control?

Unahitaji mkalimani katikati. Bome MIDI Translator Pro hufanya kazi hii, na kwa watumiaji wa programu ya kurekodi ya Reaper kuna ReaLearn, ambayo inakuwezesha kuiruka Mackie Control kabisa na kuunganisha ujumbe wowote na kitu chochote ndani ya programu. Ukitumia mkalimani wa nje, utahitaji pia milango ya MIDI ya kufikirika ili programu zipitishiane ujumbe: loopMIDI kwenye Windows, au IAC ambayo tayari imo ndani ya Mac.

Hesabu ya vitelezi ni rahisi. Kama miksa hutuma CC yenye thamani 0 hadi 127, zidisha kwa 129. Mara 127 kwa 129 ni 16383, na hicho ndicho kilele cha kitelezi cha Mackie Control. Kama miksa hutuma SysEx (ujumbe mrefu wa MIDI ambao kila mtengenezaji huupanga kivyake) yenye ngazi 0 hadi 1023, kama 01V96 inavyofanya, zidisha kwa 16. Kurudi, gawanya.

Vitufe ndivyo vinavyotoa jasho. Kitufe cha Mackie Control ni cha kubonyeza na kuachia: 127 ukibonyeza, 0 ukiachia, na programu yenyewe inakumbuka kama chaneli imezimwa au la. Kitufe cha miksa yako, kwa kawaida, kinakumbuka chenyewe: mbonyezo wa kwanza 127, wa pili 0. Kwa hiyo mwambie mkalimani kwamba ujumbe wowote wa kitufe hicho, uwe 127 au 0, utafsiriwe kuwa mbonyezo mzima, 127 ikifuatiwa na 0.

Kisha kumbuka kwamba kwenye miksa za Yamaha kitufe kinaitwa ON. Kikiwaka, chaneli inasikika. Kwenye programu, kitufe cha kuzima kikiwaka, chaneli iko kimya. Ni kinyume. Taarifa inayorudi kutoka kwenye programu kwenda kwenye taa ya kitufe lazima igeuzwe, la sivyo utarekodi nusu saa ya ukimya huku taa zote zikikuambia mambo ni shwari.

Kitelezi kinatetemeka au kinapigana na kidole changu.

Kitelezi chenye mota kinapaswa kujua kama umekishika. Vidhibiti halisi vina vitelezi vinavyohisi kidole: ukigusa, ujumbe unatoka (noti 104 hadi 112 kwa Mackie Control) na programu inaacha kukisukuma mpaka uachie. Miksa nyingi za bei nafuu za zamani hazina hisia hiyo. Matokeo yake ni kwamba unasogeza kitelezi, programu inarudisha nafasi uliyokuwa nayo kitambo kidogo kilichopita, mota inakivuta nyuma, na mnaanza kuvutana.

Dawa ya kwanza ni kuitengeneza hisia hiyo kwa uongo. Mkalimani akipokea ujumbe wa kitelezi, atume noti ya kugusa, na baada ya nusu sekunde bila mwendo atume noti ya kuachia. Dawa ya pili ni kuzuia kurudi kwa ujumbe wa kitelezi hicho kwa muda huo huo. Mimi huanza na milisekunde 500 na kupunguza hadi nione mtetemo, kisha narudi juu kidogo.

Kama kinatetemeka hata usipokigusa, hiyo ni duara: miksa inapokea ujumbe, mota inasogea, miksa inatangaza kwamba kitelezi kimesogea, programu inajibu, na kadhalika bila mwisho. Kwenye miksa kuna mpangilio wa kurudisha nje kila kinachoingia. Uzime.

Alama za dB (desibeli, kipimo cha ukubwa wa sauti) zilizochapishwa pembeni hazilingani na skrini. Nimekosea wapi?

Hujakosea. Kila programu ina kikomo chake: kitelezi cha Logic Pro kinaishia +6, cha Pro Tools kinaishia +12, na cha miksa yako kinaishia pengine kwenye +10. Unaweza kutengeneza jedwali la kusahihisha, lakini kwa maoni yangu halina faida inayolingana na kazi yake. Bandika kipande cha utepe mahali ambapo sifuri ya programu inaangukia, basi.

Kwa nini sauti inashuka kwa hatua hatua?

Kwa sababu ya ngazi 128 za CC. Kwenye kitelezi cha milimita 100 kila ngazi ni chini kidogo ya milimita moja, na chini ya kitelezi, ambako dB zimebanana, utaisikia kwenye kufifisha polepole mwisho wa wimbo. Programu nyingi zinalainisha mwendo kiasi, lakini si zote. Miksa ikiweza kutuma SysEx yenye ngazi 1024, tumia hiyo kwa vitelezi na uiache CC kwa vitufe. Ila soma jibu linalofuata kabla hujafurahi.

Nikisogeza vitelezi vingi kwa pamoja, kila kitu kinachelewa.

Soketi ya pini 5 hupitisha biti 31,250 kwa sekunde, na kila baiti huchukua biti 10. Hiyo ni baiti 3,125 kwa sekunde, hakuna zaidi. Ujumbe wa CC ni baiti 3. Ujumbe wa SysEx wa kitelezi cha Yamaha ni baiti 14. Sasa chukua vitelezi 16 vikisogea kwa pamoja, kila kimoja kikituma mara 20 kwa sekunde. Kwa CC ni baiti 960, unapita bila shida. Kwa SysEx ni 4,480. Bomba limejaa na foleni inaanza, na vitelezi vinaendelea kusogea baada ya wimbo kusimama.

Punguza kwa kumwambia mkalimani atume kila kitelezi mara 10 kwa sekunde tu, na azime taarifa za mita za sauti, ambazo hula nafasi kubwa bila kukupa kitu. Kama miksa ina USB, itumie. Kwenye 01V96 USB hubeba milango kadhaa ya MIDI kwenye kebo moja, na hilo ni la lazima kwa HUI, kwa sababu kila mlango huhudumia vitelezi vinane tu.

Jihadhari pia na vile vikebo vyembamba vya kugeuza MIDI kuwa USB visivyo na jina. Vingi hupitisha noti vizuri lakini hukatakata SysEx. Ukiona CC inafanya kazi na SysEx haifanyi, badilisha kebo kabla ya kubadilisha kitu kingine chochote.

Programu gani inakubali kwa urahisi zaidi?

Pro Tools hutaka HUI na hukubali hadi nne, yaani vitelezi 32. Cubase, Logic Pro, Studio One na Reaper hukubali Mackie Control kwenye mipangilio ya vifaa vya nje. Reaper nayo inayo HUI, ingawa yenyewe inakiri kwamba si kamili. Cubase kuanzia toleo la 12 la 2022 ina njia yake ya kujitengenezea kidhibiti kwa kuchora vitelezi kwenye skrini na kuvifundisha kimoja kimoja, na kwa miksa isiyo na HUI hiyo ni njia tulivu. Ableton Live hukubali Mackie Control pia. Ardour ni programu huria, na inakubali Mackie Control na MIDI ya kawaida.

Kama unaanza bila mapenzi ya programu yoyote, kwa kazi hii ningechukua Reaper.

Vipi kuhusu nobu za EQ (kurekebisha besi na sauti kali) na plagini (programu ndogo za kuchakata sauti)?

Usitegemee mengi. Nobu za miksa hizi nyingi huzunguka bila kikomo, lakini hutuma nafasi kamili, si hatua. Mackie Control inataka hatua: CC 16 hadi 23, thamani 1 na kuendelea kwa kulia, 65 na kuendelea kwa kushoto. Mkalimani anaweza kulinganisha namba mpya na ya zamani na kutoa hatua, lakini nobu ikifika 127 inagota hata kama bado inazunguka. Nimejaribu, nikaacha. Kwa EQ narudi kwenye kipanya bila aibu.

Majina ya chaneli yataonekana kwenye skrini ya miksa?

Kwa miksa yenye HUI, huenda, kwa herufi nne nne. Kwa nyingine, utepe na kalamu.

Naweza kuendelea kuitumia kwa sauti pia?

Ndiyo, na mara nyingi ndiyo faida ya pili. Tabaka la Remote ni tabaka tu, matabaka mengine yanaendelea kupitisha maikrofoni kama kawaida. Kama miksa ina ADAT (njia ya kidijitali ya kupitisha sauti), kebo moja ya nyuzi za mwanga hubeba chaneli 8 kwa kHz 48 au 4 kwa kHz 96, na kwa hiyo vikuza sauti vya maikrofoni vya miksa vinakuwa vyako bure. Lazima kifaa kimoja kiwe bwana wa saa, yaani mpigo unaoongoza sauti ya kidijitali, na kingine kifuate. Ukisikia vidonoo vya tik, tik kwenye rekodi, saa hazijakubaliana.

Kama unataka udhibiti tu, weka saa ya ndani na usifikirie tena.

Na zile zenye FireWire (aina ya zamani ya kebo ya data)?

Kama udhibiti unapitia kebo hiyo tu, waza mara mbili. Kompyuta mpya hazina soketi yake, na draiva nyingi za miksa hizo zimeachwa.

Kitelezi kimoja hakifiki juu, au mota imelala.

Anza na urekebishaji. Miksa nyingi zina ukurasa au hali ya majaribio inayovipima vitelezi upya, na nusu ya matatizo huishia hapo. Kisha vumbi: hewa ya kopo kwenye mfereji wa kitelezi, miksa ikiwa imezimwa. Kama bado, kisafishaji maalumu cha vitelezi, kidogo sana. Usipulizie mafuta ya kulainishia ya kawaida. Yatateleza vizuri kwa wiki moja, kisha yatanasa vumbi na kuharibu utepe unaopima nafasi.

Mota ikilia bila kusogea, mara nyingi mkanda wake umelegea au umekatika. Ukifungua miksa, chomoa umeme na ukae mbali na kipande cha kugawa umeme, kwa sababu kapasita zake hubaki na chaji baada ya kuchomoa. Kama kuna kitelezi kibovu kimoja na huna cha kubadilisha, kihamishe: vitelezi vya mwisho kabisa havitumiki sana, kibadilishane na kimojawapo.

Inaniambia betri imeisha. Nifanye nini?

Ndani kuna betri ndogo ya lithiamu inayolinda kumbukumbu miksa ikizimwa, mara nyingi CR2032. Kabla ya kuibadilisha, hifadhi kila kitu kwenye kompyuta kwa kutuma kumbukumbu yote kama SysEx. Kwenye miksa za Yamaha hiyo inaitwa Bulk Dump. Jedwali la CC ulilolitengeneza kwa jasho limo humo. Baadhi ya betri zimechomelewa kwenye bodi, nyingine zina kishikio, na hutajua mpaka ufungue.

Mota zinasikika kwenye maikrofoni ninaporekodi.

Zitasikika. Zima mota wakati wa kurekodi kama miksa inaruhusu, au hamishia maikrofoni chumba kingine. Feni ya miksa kubwa ni tatizo sugu zaidi, na hiyo usiizime.

Si rahisi zaidi kununua kidhibiti kipya?

Kama huna miksa, nunua kidhibiti. Kina vitelezi vinavyohisi kidole na majina kwenye skrini, na hakihitaji ujue 129 inatoka wapi. Miksa ya zamani inashinda pale tu unapokuwa nayo tayari, unapotaka kuitumia kwa sauti pia, au unapotaka vitelezi 16 vya milimita 100 kwa pamoja, jambo ambalo kidhibiti kimoja cha kawaida chenye vitelezi vinane hakikupi.

Nimefanikiwa. Kuna kitu cha kuhifadhi?

Faili la mkalimani, Bulk Dump ya miksa, na ile karatasi ya kwanza uliyoandika ukisikiliza kitelezi kimoja kimoja. Karatasi hiyo usiitupe. Siku utakapobadilisha programu, faili la mkalimani litakuwa halifai tena, lakini miksa bado itakuwa ikisema maneno yale yale.